Ua la Sultani

Nyuma ya nyumba yangu pana bwawa dogo la perege, hatua kumi kwa sita, nililolichimba mwaka niliostaafu. Kingo zake ni za udongo mtupu, na udongo mtupu katika vilima hivi vya Muheza hauhimili masika. Ilinibidi nitafute mmea wa kuutandika pembeni, nao niliupata mtoni, bure. Ni ule mmea laini wenye shina linalong'aa kana kwamba limejaa maji, majani mabichi yenye meno madogo pembeni, na maua bapa ya petali tano, mekundu, ya waridi au meupe. Chomeka vijiti vitatu penye kivuli na unyevu, na baada ya msimu mmoja ukingo wote umefunikwa. Shina likilala chini hutoa mizizi penye kifundo, na kutoka hapo huanza safari upya.

Wageni huyasifu sana maua hayo, kisha huniuliza: "Mwalimu, mbegu hizi ulizitoa Ulaya?" Si wao tu. Mjukuu wangu alirudi kutoka shule na daftari lenye safu mbili, moja ya maua ya kienyeji na nyingine ya maua ya kigeni, na mmea huu ulikuwa umechorwa katika safu ya wageni. Simlaumu mwalimu wake. Nimeshika chaki kwa miaka mingi na najua jinsi mwalimu anavyoandika ubaoni kile alichokikuta kitabuni. Lakini kosa hilo lina historia yake, na historia hiyo inapita katikati ya nchi yetu katika miaka ile ambayo mambo makubwa yaliamuliwa bila sisi. Ndiyo maana nimeona niiandike.

Kwanza tumtambue mhusika. Wataalamu wa mimea huuita Impatiens walleriana. Kwao kwa asili ni Afrika ya mashariki, tangu Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, na hupenda kingo za vijito na misitu yenye umande. Hapa kwetu Usambara Mashariki haukuletwa na mtu. Bibi zetu waliupita wakienda kuteka maji, na sina shaka waliupita pia wakirudi, maana mtu mwenye mtungi kichwani hana nafasi ya kuchuma maua.

Neno la kwanza la jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni asiye na subira. Sababu yake utaiona ukilibonyeza tumba la mbegu lililokomaa. Hupasuka ghafla, maganda yake hujikunja kama chemchemi ya saa, na mbegu hurushwa mbali. Nimewahi kulitumia tumba hilo kuwafundisha watoto wa darasa la nne jinsi mimea inavyosambaza mbegu, na sikumbuki somo jingine lililosikilizwa kwa utulivu kama lile. Nyuma ya ua kuna mkia mwembamba uliopinda, na ndani yake mna asali ambayo kipepeo mwenye ulimi mrefu huifikia.

Neno la pili ndilo linalotuingiza katika historia. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu wa historia alitufundisha kwamba kila hati iulizwe maswali matatu: imeandikwa na nani, lini, na kwa faida ya nani. Alikuwa akizungumzia mikataba na barua za magavana. Mimi nimeyauliza maswali hayo kwa jina la mmea, na majibu yake hayakuwa machache. Maana mmea huu mmoja umepewa na wataalamu majina matatu katika muda usiofika miaka thelathini, na kila jina ni la mtu mwingine.

Jina la kwanza lilitolewa mwaka 1868 na Joseph Dalton Hooker, mkuu wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Kew karibu na London. Alimheshimu kwalo Horace Waller. Huyu Waller alikuwa mmoja wa watu wa misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake nne tu, UMCA. Misheni hiyo ilianzishwa baada ya hotuba aliyotoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, na mwaka 1861 ilifika nyanda za mto Shire, katika nchi iitwayo Malawi leo, ikiongozwa na Askofu Mackenzie. Haikukaa. Askofu alifariki mapema mwaka 1862, wenzake wengine walikufa kwa homa, vita na njaa vikawazunguka, na mwaka 1864 makao yakahamishiwa Unguja. Kutoka Unguja ndipo walipokuja bara tena, na kituo chao cha Magila hakiko mbali na hapa ninapoandikia. Waller mwenyewe alirudi Uingereza, akawa padri wa kijijini, na maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kupiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ya mtu mwingine. Mwaka ule wa 1861, Livingstone na Mackenzie walipokuwa wakipanda nyanda za Shire, walikutana na msafara wa watumwa wakawafungua mateka. Mmoja wao alikuwa kijana Myao aitwaye Chuma. Alilelewa na misheni, akapelekwa Bombay, kisha akaandamana na Livingstone katika safari ya mwisho. Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, ni Chuma na Susi walioongoza wenzao kuubeba mwili hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi. Mwaka 1874 wote wawili walikwenda Uingereza, wakakaa na Waller na kumsaidia kuzifasiri daftari za marehemu, maana wao ndio waliokuwepo. Kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone kilitoka mwaka huo huo, na jina la Waller likiwa juu kama mhariri.

Sisemi Waller alikuwa mtu mbaya. Kwa mizani ya wakati wake alikuwa miongoni mwa waliokuwa bora. Nasema tu kwamba ukiyapanga majina matatu ya ua hili, la Chuma halimo.

Jina la pili ndilo ninalolipenda, na ndilo nililoliazima kwa kichwa cha makala haya. Mwaka 1882 gazeti la mimea liitwalo Curtis's Botanical Magazine, ambalo lilianza kutolewa mwaka 1787 na kusifika kwa michoro yake ya rangi, lilichapisha picha ya ua lililopelekwa Kew na John Kirk. Hooker, akidhani ni mmea mwingine kabisa, aliuita Impatiens sultani. Sultani huyo ni Barghash bin Said wa Zanzibar.

Kirk alikuwa Mskoti, daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya Livingstone ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Alifika Unguja mwaka 1866 kama daktari, na katika miaka michache akawa balozi wa Uingereza mwenye sauti kuliko mwingine yeyote katika pwani hii. Huko Mbweni alikuwa na nyumba na bustani ya kujaribia mimea. Ukitaka kujua alivyopenda viumbe, tazama majina ya kitaalamu ya kima punju wa Unguja na ya digidigi mmoja wa bara: yote mawili yana jina lake. Mpira wa porini uliouzwa pwani kwa wingi enzi hizo, nao pia ni wake kwa jina.

Uhusiano wa Kirk na Barghash si rahisi kuueleza kwa sentensi moja. Barghash alitawala tangu 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata, akiwa bado na majeraha hayo, alitakiwa atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alikataa. Kirk akamfikishia ujumbe kwamba manowari za Uingereza zitakizuia kisiwa. Alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko lile la Mkunazini lilifungwa, na misheni ya kina Waller ikajenga kanisa mahali pake. Lilikuwa jambo jema lililofanywa kwa bunduki, na mwalimu wa historia anayetaka kulieleza nusu moja tu anawapunja wanafunzi wake, nusu yoyote atakayoichagua.

Baada ya hapo hao wawili walifanya kazi pamoja. Barghash aliuletea mji wa Unguja maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akajenga Beit el Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883, akapanua mamlaka yake bara kwa ushauri wa Kirk. Ua lililopewa jina la Sultani mwaka 1882 lilitoka wakati huo wa matumaini. London ilipoiangalia pwani yetu mwaka huo iliona mtawala mmoja, naye ni Sultani, na nyuma ya kiti chake amesimama balozi Mwingereza. Jina la mmea linasema hivyo hivyo: mfalme ametajwa, na aliyelipendekeza ua amesimama nyuma. Mwaka huo huo wa 1882, Chuma alifariki Zanzibar.

Matumaini yale hayakudumu. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Barghash alipolalamika, manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti 1885. Kirk aliamriwa na serikali yake asimsaidie, naye akatii. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kumpimia Sultani ukanda wa maili kumi tu kutoka ufukweni. Miaka miwili baadaye pwani iliinuka, Abushiri akiwa kinara wa Pangani, na mwezi Desemba 1889 alinyongwa hapo hapo Pangani.

Sasa milima yetu ilikuwa ya Mjerumani, na wataalamu wake wakaja na makasha ya kukaushia majani. Mmoja wao aliitwa Carl Holst, aliyekusanya mimea mingi sana ya Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, akafariki kijana mwaka 1894. Mwaka 1895, huko Berlin, ua letu la mtoni lilitangazwa kuwa geni kwa mara ya tatu, likaitwa Impatiens holstii.

Nadhani msomaji ameshaona ninachokusudia. Mmisionari aliyepinga utumwa mwaka 1868, Sultani na balozi wake mwaka 1882, Mjerumani mwaka 1895. Ua halikubadilika hata petali moja. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na nguvu katika nchi lilikoota. Nimefundisha kipindi hicho kwa ramani, kwa tarehe na kwa picha za manowari, na sijapata kielelezo kilicho wazi kuliko hiki, tena kinachoota bure nje ya darasa.

Wataalamu walipoilinganisha mimea hiyo mitatu waliona kwamba ni mmoja. Sheria yao ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa ndilo linaloshika, hivyo Waller akabaki, Sultani na Holst wakawekwa kando. Katika orodha za kitaalamu bado wanatajwa, kwa maandishi madogo, kama wafalme waliopinduliwa.

Wakati hayo yakijadiliwa, mmea wenyewe ulikuwa umeshaondoka. Kutoka Kew na Berlin uliingia madirishani mwa nyumba za Ulaya, maana haukudai jua kali na ulichanua karibu mwaka mzima. Waingereza waliupa jina la Busy Lizzie na Wajerumani Fleißiges Lieschen, yaani Liza mwenye bidii, kwa lugha zote mbili. Ukavuka bahari hadi Amerika, ukatoroka bustanini na kuenea penye unyevu. Wabrazili huuita Maria asiye na haya, kwa sababu huota popote bila kualikwa. Jina hilo ndilo sahihi kuliko yote, ingawa kwetu hapa nisingethubutu kulitamka mbele ya akina Maria ninaowajua. Katika Hawaii na sehemu za Australia huhesabiwa miongoni mwa magugu, na wenye misitu huko hawaufurahii hata kidogo.

Aliyeugeuza kuwa mali ni Mmarekani mmoja, Claude Hope, mzaliwa wa Texas. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Costa Rica kwa ajili ya mashamba ya mkwinini, kwa kuwa majeshi yalikosa dawa ya malaria. Wazee wa Amani watanielewa: miti hiyo hiyo ilipandwa na Wajerumani juu ya mlima wetu kabla ya vita vya 1914, na gome lake likawatibu askari wao walipozingirwa. Vita vilipokwisha Hope alibaki Costa Rica akazalisha mbegu za maua. Aliuona mmea wetu ukiota ovyo porini huko, mrefu na wenye matawi machache, akaanza kuchagua na kuchanganya mwaka baada ya mwaka mpaka akapata mfupi, uliojaa maua, unaotandaa kama mkeka. Aina zake zilizoitwa Elfin zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada ya hapo Wamarekani waliupanda kuliko karibu ua lolote la bustani, kwa miongo mingi. Hope alifariki mwaka 2000, na katika biashara hiyo jina lake hutajwa kwa heshima. Alistahili, maana kazi ile ilikuwa ya uvumilivu.

Mtu ataniuliza: je, sisi hatudai kitu? Kuna Mkataba wa Bayoanuwai uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliyoanza kutumika mwaka 2014. Hizi zinataka anayechukua mmea wa nchi ya watu apate kibali na kugawana faida. Lakini sheria haziendi nyuma hadi sanduku la Kirk. Kilichotoka kabla ya sheria kimetoka. Mimi sina hasira juu ya fedha hizo. Mahindi tunayokula ugali yalitoka Amerika, na hakuna Mmeksiko aliyewahi kunibishia hodi akidai. Dai langu ni dogo zaidi, nalo linawahusu watunga vitabu vya shule: ua lihamishwe safu. Mtoto wa Muheza akiambiwa kwamba kila kizuri cha bustanini kimetoka ng'ambo, ataamini hivyo pia juu ya vitu ambavyo si maua.

Linganisha na ndugu yake wa milima hii hii, ua dogo la zambarau lililokutwa miambani na Mjerumani von Saint Paul mwaka 1892. Nalo lilipewa jina lake la ukoo, Saintpaulia, lakini Waingereza wakaliita kwa lugha ya kawaida urujuani wa Afrika. Neno hilo moja, Afrika, limelitosha kukumbukwa kwao. Liza mwenye bidii hakubahatika hivyo. Jina lake la mtaani lilimfanya mtoto wa Ulaya.

Miaka ya karibuni balaa liliupata huko ugenini. Mwaka 2003 ilionekana Uingereza aina ya ukungu, mweupe chini ya majani, unaoangusha majani na maua na kubakiza mashina matupu. Ni wa jamii moja na ule wa baka chelewa la viazi. Kufikia mwaka 2011 na 2012 ulikuwa umefagia bustani nyingi za Uingereza na Marekani, na wauza maua wengi wakaacha kabisa kuupanda. Mamilioni ya mimea iliyozaliwa kutokana na mbegu chache zinazofanana haina ukaidi, kama familia iliyooana yenyewe kwa yenyewe.

Watafiti wakarudi maabara, wakazalisha aina zinazostahimili ugonjwa huo. Aina ya kwanza kusifika, ya kampuni ya Syngenta, ilikuwa imefika sokoni kufikia mwaka 2020. Waliipa jina la Kiswahili: Imara. Hawakukosea maana, neno limewekwa mahali pake kabisa. Baada ya Sultani, hilo ni jina jingine la ua hili ambalo bibi yangu angelielewa bila mkalimani.